Haki ya Mgeni na Usingizi wa Mwenyeji

Wahenga wetu walinena, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Watu wengi huitumia methali hii kwa mzaha, wakidhani kwamba yafundisha uchoyo. Sivyo. Yafundisha kwamba ugeni una kadiri yake. Siku mbili mgeni hupokewa, huandaliwa chakula, hutandikiwa kitanda, wala haulizwi neno. Siku ya tatu huhesabiwa kuwa mmoja wa watu wa nyumba, na mtu wa nyumba hawezi kula bila ya kujua chakula kimetoka wapi. Lakini methali hii ilitungwa kwa ajili ya mgeni wa bure, yule aliyebisha hodi akapokewa kwa wema tu. Katika siku zetu yuko mgeni wa namna nyingine, naye ni mgeni aliyelipa. Amelipa nauli ya ndege, amelipa kitanda, amelipa chakula na kinywaji, tena amelipa mapema kabla hajatoka kwao. Je, huyu naye ana jembe la kushika? Au fedha zake zimemwondolea kila deni, isipokuwa lile lililoandikwa katika hati ya hoteli?

Hatuulizi kwa ajili ya kubishana tu. Miji mingi ya pwani duniani huishi kwa mgeni wa namna hii, na mji unaomtegemea mtu hauna budi kujua unamdai nini na unadaiwa nini naye. Walakini maneno ya jumla ni mepesi kunenwa na mazito kutumiwa. Kwa hiyo tutalipima swali letu kwa mji mmoja. Mji huo ni Sant Antoni de Portmany, ulio magharibi ya kisiwa cha Ibiza, nchi ya Hispania, katika Bahari ya Mediterania. Tumeuchagua kwa kuwa ndani yake mambo mawili yanayomvuta mgeni, yaani mandhari ya kutazama na starehe za usiku, yamekaa karibu karibu, hata mtu aweza kutoka katika moja na kuingia katika la pili kwa mwendo mfupi wa miguu.

Ibiza si kisiwa kikubwa. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 570 hivi, kama theluthi ya Unguja. Wenyeji wake ni zaidi ya 150,000, na wageni wanaofika huko na katika kisiwa jirani cha Formentera ni zaidi ya 3,000,000 kwa mwaka, wengi wao katika miezi ya joto, tangu Mei hata Oktoba. Zamani watu wake waliishi kwa uvuvi, chumvi, lozi, tini na kondoo. Ghuba ya Sant Antoni ni pana na imetulia. Warumi waliiita Portus Magnus, maana yake Bandari Kubwa, na ndiko lilikotoka jina la Portmany. Lakini bandari iliyo njema kwa rafiki ni njema kwa adui pia. Maharamia walikisumbua kisiwa hicho miaka mingi, hata wenyeji wakalijenga kanisa lao kama boma, lenye kuta nene na mnara wa ulinzi, wapate mahali pa kukimbilia. Twaomba msomaji aukumbuke mnara huo. Ulijengwa ili watu wapate kulala.

Mchana, mgeni wa Sant Antoni ana mengi ya kutazama. Penye njia panda karibu na bandari limesimama yai kubwa la mawe, na ndani yake sanamu ya jahazi. Ni ukumbusho wa Christopher Columbus, uliojengwa katika miaka ya 1990, kwa kuwa wako watu wa kisiwa hicho wadaio kwamba baharia yule alikuwa mwenzao. Nje kidogo ya mji liko kanisa dogo la chini ya ardhi, lililochimbwa katika pango, na jina lake ni la Mtakatifu Agnes. Mashua huwachukua watu mpaka vighuba vyenye mchanga mweupe, na mbele ya ghuba kubwa chaonekana kisiwa cha Sa Conillera na mnara wake wa taa. Mwezi wa Januari na wa Februari, wageni wakiwa wachache, bonde la Santa Agnès de Corona hujaa maua ya milozi. Na mtu akipanda basi kwenda mji wa Ibiza wenyewe, mwendo wa kilomita 15 hivi, atauona mji wa kale, Dalt Vila, ulio juu ya kilima ndani ya kuta zilizojengwa katika karne ya 16. Na katika viunga vyake yako makaburi ya Wafinike, waliofika kisiwani zaidi ya miaka 2,600 iliyopita. Mwaka 1999 Shirika la UNESCO liliyaandika mambo hayo katika Urithi wa Dunia, pamoja na majani ya baharini yaliyoko kati ya Ibiza na Formentera, ambayo tutayataja tena.

Kisha jua hutua. Kwa kuwa ghuba ya Sant Antoni yatazama magharibi, jua huzama baharini mbele ya macho ya watu, na jambo hili limekuwa sherehe ya kila siku. Mwaka 1980 ulifunguliwa penye miamba ya ufuoni mkahawa uitwao Café del Mar. Baadaye mpigaji santuri mmoja, José Padilla, aliyefariki mwaka 2020, akazoea kupiga hapo muziki wa polepole saa ya jua kuchwa, na muziki huo ukasikika duniani kote. Leo mamia ya watu huketi juu ya miamba, wengine wakiwa na kiti cha kulipia na wengine juu ya jiwe tupu, wakatulia. Na jua linapozama kabisa hupiga makofi, kana kwamba limefanya kazi njema na kustahili shukrani. Wako wawachekao kwa makofi hayo. Sisi hatuwacheki. Mtu anayelishukuru jua bado ana moyo ulio hai.

Giza likiingia, watu wale wale huinuka wakaelekea mjini. Mitaa michache ya katikati imepewa jina la Kiingereza, West End, nayo imejaa baa mlango kwa mlango. Karibu na maji iko disko ya Es Paradis, iliyofunguliwa mwaka 1975, yenye paa la kioo mfano wa piramidi, na katika njia ya kwenda mji mkuu ziko nyingine zilizo kubwa zaidi. Muziki huendelea mpaka alfajiri. Wengi hucheza kwa furaha wakarudi kulala bila kumdhuru mtu. Lakini wako wanaokunywa mpaka akili ikapotea, wakapiga kelele chini ya madirisha ya watu, wakatapika vizingitini, wakakojoa penye milango. Tena upo mchezo mmoja wa kipumbavu wa kuruka kutoka roshani ya hoteli ili kuangukia katika bwawa la kuogelea, ambao umewaua vijana kadhaa katika visiwa hivyo, nao wazazi wao wakapelekewa jeneza badala ya zawadi za safari.

Basi na tulitazame dirisha lililo juu ya mtaa ule. Nyuma yake yumo mtu. Mji wa Sant Antoni si jukwaa lililojengwa kwa ajili ya wageni. Ndani yake wanakaa zaidi ya watu 20,000. Yuko mwuguzi ambaye zamu yake yaanza asubuhi. Yuko mzee mgonjwa. Yuko mtoto mwenye masomo katika Mei, Juni na Septemba, maana majira ya wageni hayangojei likizo ya shule. Yuko na mtumishi wa hoteli, yule yule atakayetandika kesho kitanda cha huyu apigaye kelele leo. Shirika la Afya Duniani liliwashauri watu wa Ulaya mwaka 2009 kwamba kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi desibeli 40 kwa wastani, kwa kuwa mtu asiyelala huharibika moyo na akili. Sisi walimu hatuna haja ya kipimo hicho. Mtoto ambaye hakulala twamjua mara anapoingia darasani.

Mgeni akiulizwa habari ya dirisha lile, hujibu kwa maneno matatu, na kila neno lastahili kusikilizwa kwa haki.

Neno la kwanza asema, "Nimelipa." Ni kweli, amelipa. Lakini mtu hununua kwa muuzaji kile tu ambacho muuzaji anacho. Mwenye hoteli anacho kitanda, akakiuza. Mwenye baa anayo bilauri ya bia, akaiuza. Mwenye disko anao ukumbi na muziki, akauza nafasi mlangoni. Usingizi wa mzee wa ghorofa ya pili ni mali ya nani? Si mali ya mwenye hoteli, wala ya mwenye baa, wala ya kampuni ya ndege. Ni mali ya mzee, na mzee hakuuza. Hakuna aliyemwendea kumwuliza bei. Basi mgeni akiuchukua usingizi ule, hakununua, ametwaa. Risiti zote alizo nazo mfukoni hazina mstari unaoutaja.

Neno la pili lina nguvu zaidi. Mgeni asema, "Ninyi mlitualika, tena mwaishi kwa fedha zetu." Hili nalo ni kweli kwa sehemu kubwa, na mtu mwaminifu hawezi kulikana. Katika majira ya joto ya 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, disko kubwa za Ibiza zilifungwa, wala hazikufunguliwa mpaka Oktoba 2021. Usiku ukawa kimya. Watu wakasikia tena mawimbi. Lakini pamoja na kimya ilikuja njaa ya kazi: wapishi, madereva, wafagiaji na wapigaji muziki walikaa bila mshahara, na maduka mengi yakafunga milango. Mtu aliyelala vizuri na chungu chake ki kitupu hajapata raha bado. Kwa hiyo hatusemi na wale wanaotaka wageni wafukuzwe. Anayesema hivyo kwa kawaida ana chakula cha kesho.

Walakini hapo penye neno "ninyi" ndipo ulipofichwa udanganyifu. Ni nani aliyealika? Twasema "mwenyeji" kana kwamba ni mtu mmoja, kumbe ni wengi. Mmoja huuza bia na kulala mbali na mtaa, katika nyumba yenye bustani. Mwingine haiuzi, naye amelala juu ya baa. Faida yaenda kwa huyu, kelele zaenda kwa yule. Yule wa kwanza ndiye aliyetia saini mwaliko, lakini aliuandika kwa jina la wote wawili. Hii ndiyo dhuluma ya kale kabisa, ya mtu kufanya karamu kwa ng'ombe wa jirani. Na mgeni, ambaye ameonyeshwa tabasamu ya mwenye karamu tu, hana njia ya kujua kwamba ng'ombe hakuwa wake.

Tena hata kitanda sasa chataka kuondoka. Fedha nyingi zimepatikana kwa kupangisha nyumba kwa wageni, hata wakazi wamekosa nyumba za kupanga. Katika Ibiza wako wapishi na watandikaji wa vitanda wanaolala ndani ya magari na mahema, na wako walimu wanaopelekwa kufundisha huko wasipate chumba wanachoweza kukilipa. Mwezi wa Mei 2024 wenyeji waliandamana katika mji wa Ibiza juu ya jambo hilo. Ni ajabu kubwa kwamba katika kisiwa kinachouza vitanda, mwenye kuvitandika hana chake. Hapo mtu akisema, "Mwaishi kwa fedha zetu," itampasa aongeze kuuliza, "Ni nani miongoni mwenu anayeishi?"

Neno la tatu latoka kwa kijana, nalo latugusa moyoni. Asema, "Nafanya kazi mwaka mzima, katika kiwanda au duka, chini ya anga ya mvua. Nimeweka akiba kwa juma moja tu. Je, hata usiku mmoja wa furaha mwaninyima?" Hatumnyimi. Furaha ni haja ya mwanadamu kama chumvi, na mtu asiyeipata kwa njia nyeupe huitafuta kwa njia nyeusi. Wala kukesha kwa ngoma si uvumbuzi wa Ulaya. Hata kwetu harusi hukesha, na beni hupigwa, na majirani hawalali. Lakini na tuangalie tofauti. Katika harusi jirani asiyelala ndiye aliyealikwa. Amekula pilau, amemwona bibi harusi, na mwakani atamwoza wa kwake, nasi tutakosa usingizi kwa ajili yake. Ni deni la kupokezana. Tena ngoma ile huisha. Kesho yake mtaa hutulia, na kila mtu husema, "Ilikuwa ngoma njema."

Huko Sant Antoni ngoma haiishi, ila wachezaji hubadilika. Hapa ndipo lilipo jambo zima, nasi twapenda msomaji alishike. Kwa mgeni ni usiku mmoja. Kwa mwenyeji ni usiku wa mia. Kijana apigaye kelele saa tisa za usiku husema, "Leo tu," naye hasemi uongo, maana keshokutwa atakuwa amerudi kwao. Lakini ndege ile ile itakayomchukua italeta mwingine, naye atasema, "Leo tu." Hakuna hata mmoja kati yao aliyemkosesha mzee usingizi wa majira mazima, kila mmoja alimkosesha saa moja. Hivyo hatia imegawanywa vipande vidogo hata hakuna anayehisi uzito wake, na mzigo wenyewe umebaki mzima juu ya kichwa cha mtu mmoja.

Majani yale ya baharini tuliyoyataja yatufundisha jambo hilo hilo. Huitwa posidonia. Hukua polepole mno chini ya maji, husafisha bahari hata ikang'aa kama kioo, na ndani yake samaki huzaa. Wageni huja kwa sababu ya maji yale maangavu. Nao huja na mashua, na nanga ya mashua ikivutwa hung'oa majani. Nanga moja haidhuru bahari. Kila nahodha aweza kusema hivyo kwa kweli. Lakini nanga elfu zilizosema kweli zimekwangua shamba ambalo halitarudi katika maisha yetu, na mwaka 2018 Serikali ya Visiwa vya Baleari ilitoa amri ya kuyalinda. Twaona basi kwamba yako makosa ambayo mtu hawezi kuyaona kwa kujitazama mwenyewe peke yake. Huna budi kujitazama ukiwa katika safu ya wenzako waliokutangulia na watakaokufuata.

Serikali haikukaa kimya. Zamani disko kubwa zilikuwa hazina paa, watu wakacheza chini ya nyota. Mnamo mwanzo wa miaka ya 1990 zililazimishwa kuezekwa kwa sababu ya kelele. Ngoma haikufa. Ilivikwa kofia tu, na jirani akapata nafuu. Januari 2020 ikatoka amri kwa sehemu kadhaa za visiwa, Sant Antoni ikiwa mojawapo: ni marufuku kuuza bilauri mbili kwa bei ya moja, ni marufuku kuwaongoza wageni kwa makundi kutoka baa hata baa, maduka yasiuze pombe tangu saa tatu na nusu za usiku hata saa mbili za asubuhi, na arukaye kutoka roshani atozwe faini ya euro 6,000 hata 60,000. Mei 2024 amri ikaongezwa, na kunywa pombe barabarani katika sehemu hizo kukawa na faini ya euro 750 hata 1,500. Twaiona hekima katika amri ya 2020, kwamba haikuanza kwa kumkamata mlevi, bali kwa kumkataza anayefaidika na ulevi. Anayeuza bilauri mbili kwa bei ya moja hawezi kusema kwamba hakutaka mtu anywe mbili.

Lakini sheria ina mkono mfupi. Haiwezi kuweka askari chini ya kila dirisha, tena mtu aliyekuja kwa juma moja haogopi sana faini ya nchi asiyokusudia kurudi. Tena sheria hukataza tu. Haiwezi kumpa mtu macho. Kinachotakiwa ni macho, yaani mgeni amwone mwenyeji kuwa mtu.

Na hapa ni haki tumgeukie mwenyeji pia. Julai 2024, katika mji wa Barcelona, waandamanaji waliwarushia maji kwa bastola za kuchezea wageni waliokuwa wakila mikahawani. Maji hayaumizi, lakini yalimlowesha mtu asiyejulikana kosa lake. Huenda mgeni yule alilala saa nne za usiku. Mwenyeji akimchukia kila mgeni kwa kosa la mmoja, amefanya lile lile analolilalamikia, maana naye amekataa kumwona mtu. Na liko kosa la mwenyeji lililotangulia hilo. Muuzaji aliyemtazama mgeni miaka mingi kama mfuko wa fedha tu, asistaajabu akitazamwa na mgeni kama mlango wa duka. Mfuko na duka havina desturi ya kuamkiana.

Swali hili si la Wahispania peke yao. Wageni wa namna hiyo hiyo hushuka Malindi na Diani, hushuka Nungwi na Kendwa, wakakuta huko hoteli mpya karibu na misikiti ya kale, na muziki wa ufuoni karibu na mvuvi ambaye hana budi kuamka kabla ya mapambazuko. Hatujafikia idadi ya Ibiza. Kwa sababu hiyo ndiyo yafaa tuulize sasa, maana mji hujifunza kwa bei nafuu kutoka makosa ya mji mwingine, na kwa bei ghali kutoka makosa yake wenyewe. Na la kuuliza kwanza si wageni wangapi watakuja, bali ni nani atakayetia saini mwaliko, na kwa jina la nani.

Basi twajibu swali letu. Mgeni aliyelipa ana jembe la kushika, ingawa si la kulimia. Amelipa deni la vitu. Deni la watu halilipwi kwa fedha, kwa kuwa wanaodai hawakuuza kitu. Jembe lake ni kujiuliza, kabla ya kupaza sauti katika mtaa wa watu, "Kama mimi ndiye niliye nyuma ya dirisha lile, na huu ni usiku wa mia, je, ningeridhia?" Akijibu ndiyo, na acheze. Jembe la muuzaji ni kutokuuza kisicho chake. Na jembe la wazee wa mji ni zito kuliko yote, nalo ni kumsikiliza yule asiyeuza kitu, ambaye hana bango barabarani wala wakili barazani, wala hasikiki usiku kwa sababu ya muziki.

Wala mtu asidhani kwamba twamwagizia kijana maisha makavu. Tumekwisha kuiona furaha nyingine katika mji ule ule na siku ile ile, saa moja au mbili kabla ya kelele kuanza. Watu mia tano walilitazama jua, na jua halikupungua. Aliyekaa juu ya jiwe hakumpokonya kitu aliyelipia kiti, na mzee wa ghorofa ya pili, akitaka, aliweza kutazama nao kutoka dirishani mwake. Furaha ya namna hiyo yaweza kurudiwa usiku wa mia na wa elfu bila mtu kuidai. Ile ya baadaye nayo yaweza kuwa njema, yenye ngoma na vicheko, mradi wachezaji wakumbuke kwamba mji waliomo umo na watu wake, nao wamelala.